Usiache mbachao: kuhama kampuni ya bima Arua na Koboko kuna hesabu yake

Kwa wakazi wengi wa Arua na Koboko, bima ni ile stika inayobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Tarehe yake ya mwisho inajulikana vizuri kwa sababu askari wa barabarani naye anaisoma. Tarehe hiyo ikikaribia, maneno ya mawakala huanza kuzunguka: kampuni fulani imepunguza bei, nyingine inakubali ulipe kwa mafungu, nyingine inakata hati siku hiyohiyo. Mwenye lori la kwenda Vurra, mwenye gari la kukodi na mwenye nyumba za kupangisha wanabaki na swali moja, nikae nilipo au nihame? Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wengi huuchukua usemi huo kama amri ya kutobanduka. Lakini aliyeutunga hakumkataza mtu kununua msala mpya. Alimkataza kutupa mkeka alio nao, hata kama umechakaa, kwa tamaa ya mkeka unaopita mikononi mwa mtu mwingine. Kuhama kampuni ya bima ni haki ya mteja, na katika mkoa ulio karibu kilomita 500 kutoka Kampala ni karibu nguvu pekee aliyo nayo. Nguvu hiyo humponyoka pale anapohama kwa kufuata bei. Jambo la kulinganisha ni siku ya madai: nani atalipa, atalipa nini, na fedha itafika Arua baada ya muda gani.

Tuanze na bima ndogo, ile ya thadi pati, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inamlazimisha kila mwenye gari au pikipiki inayotembea barabarani kuwa na bima ya madhara atakayowasababishia wengine. Ada zake zimepangwa kwa kanuni za serikali. Anayezunguka mjini akitafuta stika ya bei nafuu zaidi anatafuta kitu ambacho kampuni halali haina uhuru wa kumuuzia, na akikipata kwa bei ya kutupa inafaa ajiulize kama stika hiyo ni ya kweli. Kinga yenyewe ni nyembamba. Inamhusu mtu mwingine aliyeumia au kufariki; gari lako halimo, na ukuta wa duka uliougonga haumo. Sheria hiyo iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima, viwango vilivyopangwa wakati shilingi ilikuwa na uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo katika bima ndogo tofauti kati ya kampuni na kampuni haipo kwenye bei. Ipo kwenye tabia ya kulipa, na tabia hiyo inamhusu mtu ambaye hakukaa mezani ulipokuwa ukichagua. Abiria wa bodaboda aliyelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua hakuichagua kampuni yako. Ukimchagulia kampuni inayokwepa madai, umemchagulia yeye mateso, na wewe mwenyewe kesi.

Bima kubwa, inayolinda pia gari lenyewe, ndiyo yenye soko la kweli la bei, na hapo ndipo mteja anapodanganyika kwa urahisi. Karatasi mbili za makadirio zinaweza kuandika gari lilelile na kutofautiana kwa laki kadhaa. Macho huenda kwenye jumla iliyo chini ya karatasi, ilhali sababu ya tofauti imeandikwa juu yake. Huenda kampuni ya bei ndogo imeandika thamani ndogo ya gari. Huenda imeongeza kiasi ambacho mwenye gari atajibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata shilingi. Huenda imeandika kwamba gari ni la matumizi binafsi, wakati watu wote mjini wanalijua kuwa ni la kukodi, linalopeleka wageni na wafanyakazi wa mashirika hadi makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi. Kosa hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwani bima husimama juu ya ukweli wa mwombaji. Gari lililoandikwa binafsi likipata ajali likiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina njia iliyo wazi ya kukataa madai. Hapo mwenye gari atakuwa amelipa ada ya mwaka mzima kwa ajili ya karatasi, na wakala aliyemwambia kwamba mambo yataenda vizuri hatakuwepo kwenye meza ya madai.

Kisha kuna mipaka, jambo ambalo mtu wa Kampala anaweza kulisahau lakini mtu wa Koboko hawezi. Barabara ya lami ya kilomita 92 inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina mpaka kila upande: Vurra inatazama Kongo, Oraba inatazama Kaya ya Sudan Kusini, na hapo Salia Musala nchi tatu zinakutana. Dereva anayevuka hubadili upande wa barabara, kwa kuwa Uganda tunapita kushoto na majirani hao wawili wanapita kulia. Bima yake nayo hubadilika palepale mpakani, ingawa hakuna kibao kinachomwambia. Hati ya kawaida ya Uganda huandika mahali ambapo kinga inatumika, na mara nyingi mahali hapo huishia mwisho wa ardhi ya Uganda. Ili kuvuka na kinga ya madhara kwa wengine, dereva huongezewa Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987 na ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo ndani yake. Sudan Kusini ilizaliwa mwaka 2011, miaka 24 baada ya mpango kuanza, kwa hiyo isichukuliwe kuwa imo pia. Mwenye lori asidhani kwamba kadi inayomvusha Vurra itamvusha Oraba; aulize, na jibu alipate kwa maandishi. Akumbuke pia kwamba Kadi ya Njano inashughulika na madhara kwa watu wengine na matibabu ya dharura ya waliomo ndani ya gari. Lori lililopinduka njiani kuelekea Aru, upande wa Kongo, halitengenezwi na kadi hiyo, isipokuwa kinga ya bima kubwa yenyewe iwe imenyooshwa kuvuka mpaka. Na kama njia ni ile ya Yei, ndani ya Sudan Kusini, ambako usalama umeyumba mara nyingi, asome kifungu cha vita na ghasia. Hati nyingi huviondoa, na kinga yake huuzwa peke yake.

Kwa hiyo mwenye lori wa Koboko anayehama kampuni moja kwenda nyingine kwa kuokoa laki 2 anaweza kuwa ameacha mstari mmoja wa maandishi uliokuwa na thamani kuliko lori lenyewe. Kampuni ya zamani ilimwandikia kwamba kinga inafika Kongo. Ile mpya haikuulizwa, nayo haikusema. Hili silo kosa la kampuni mpya. Ni kosa la kulinganisha vitu viwili visivyo sawa kana kwamba ni kimoja, kama mtu anayelinganisha bei ya gunia na bei ya debe. Kabla ya kuamini kwamba msala mpya ni bora, uweke juu ya mbachao wako uone kama unaufunika wote.

Nyumba ina mambo yake, na huku kwetu mambo hayo yana harufu ya moshi. Kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Machi hukausha nyasi, watu huchoma mapori, na katika boma moja utaikuta nyumba ya mabati iliyojengwa kwa tofali imara ikikaribiana na jiko la nyasi. Kampuni ya bima ya moto inataka kujua kuta, paa, na kilicho jirani na paa. Mwenye nyumba anayehama kampuni hujaribiwa kuandika habari za nyumba ya mabati tu na kulinyamazia jiko la nyasi, kwa kuwa ada itapungua. Moto ukianzia jikoni, ukimya huo utasomwa kama uongo. Kuna pia majina ya majanga. Hati ya kawaida ya moto inataja moto na radi. Upepo wa mvua za kwanza unaong'oa mabati ni janga jingine linaloandikwa kwa nyongeza. Mtu aliyekuwa na nyongeza hiyo kwa kampuni ya zamani, akahamia hati yenye moto na radi peke yake, ataambiwa kwamba amepata unafuu. Jina la kweli la unafuu huo ni paa lisilo na bima. Mpangaji naye asikae akitegemea bima ya mwenye nyumba, wala mwenye kibanda katika Soko Kuu la Arua asitegemee bima ya jengo. Kuta ni za mmoja na mali iliyomo ni ya mwingine. Soko la Kariakoo lilipoungua Dar es Salaam tarehe 10 Julai 2021, Afrika Mashariki nzima iliona jinsi usiku mmoja unavyoweza kumaliza mtaji wa familia nyingi. Bima ya jengo, hata ingekuwa kubwa namna gani, hairudishi bidhaa za mpangaji ambaye hakujiwekea kinga yake.

Wengine watasema kwamba huku nyumba hazina hati miliki, kwa hiyo habari ya bima ya nyumba ni ya watu wa Kampala. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya mkoa wetu wa West Nile ni ya kimila, umiliki ambao Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 vinautambua. Lakini bima ya nyumba inauliza kama wewe ndiwe utakayepata hasara ikiungua. Aliyejenga kwa jasho lake juu ya ardhi ya ukoo anaipata hasara hiyo sawasawa na mwenye hati. Kampuni inayosema hapana kwa sababu ya hati tu inaonyesha kwamba haijajifunza mkoa huu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuitafuta kampuni iliyojifunza. Hapa ndipo kuhama kunapokuwa na maana: mteja anaiacha kampuni isiyomjua na kuifuata inayotaka kumjua.

Hesabu ya thamani nayo inataka umakini, kwani ndiyo inayowaumiza watu walioamini kwamba wameokoa. Tuchukue mfano. Nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi milioni 100 imeandikwa milioni 60 ili ada ipungue. Moto unaharibu sehemu yenye thamani ya milioni 20. Mwenye nyumba anatarajia milioni 20, kwa kuwa ni chini ya 60 aliyoiandikia. Hati nyingi hazihesabu hivyo. Alilinda asilimia 60 ya nyumba, kwa hiyo atalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12. Milioni 8 zilizobaki ni zake mwenyewe. Wakala anayekushawishi kuhama kwa kupunguza thamani ya mali hajakuuzia bima ya bei nafuu. Amekuuzia kipande cha bima, na kipande hicho utakuja kukitambua siku ambayo huna nguvu ya kubishana. Kinyume chake pia ni hasara. Kuandika thamani kubwa kuliko ukweli hakukuletei faida, kwa sababu bima inarudisha kilichopotea na haitajirishi. Wala kuwa na kampuni mbili kwa gari moja hakuzai fidia mbili. Kampuni hizo zitagawana mzigo, nawe umelipa ada mara mbili.

Ukiisha kuamua kuhama, utaratibu wenyewe ni rahisi, lakini una mpangilio usiovunjika. Hati mpya inaanza kwanza, ya zamani inafungwa baadaye. Siku moja ya pengo inatosha kuvunja nyumba, maana moto hauangalii kalenda. Wakati mzuri wa kuhama ni mwisho wa mwaka wa bima. Anayekatisha katikati hutegemea fungu la fedha lirudi, na mara nyingi kampuni hurudisha kidogo kuliko hesabu ya miezi iliyobaki. Juu ya hapo, mkataba mpya unadai ushuru wa stempu wa shilingi 35,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo faida ndogo ya bei huliwa kabla haijafika mfukoni. Iombe kampuni ya zamani barua inayoonyesha miaka uliyokaa bila kudai, kwa sababu punguzo la kutodai ni mali yako uliyoichuma kwa kuendesha vizuri, na bila barua hiyo utaanza upya kama mgeni. Kama benki imekukopesha kwa dhamana ya nyumba au gari, iarifu, kwani jina lake linapaswa kuwemo katika hati mpya pia. Na fomu ikikuuliza kama umewahi kukataliwa au kudai, jibu ukweli. Kuhama hakufuti historia ya mtu, na anayejaribu kuifuta amejichimbia shimo.

Kwa nini basi nasisitiza kwamba bei si mwalimu mzuri? Tuitazame Kenya, ambayo soko lake la bima ni kubwa kuliko letu na makosa yake yameandikwa wazi. United Insurance, iliyokuwa na wateja wengi wenye magari ya abiria, yaani matatu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005. Blue Shield ilifuata mwaka 2011, Concord mwaka 2013, Resolution mwaka 2022, na Xplico mwishoni mwa mwaka 2023. Kampuni inapoanguka, mteja haachwi na karatasi tupu peke yake. Waliogongwa na gari lake bado wanadai, na mahakama inaweza kumgeukia yeye. Kenya ina mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizoanguka, lakini malipo yake yana kikomo cha shilingi 250,000 za Kenya kwa dai moja, kiasi kisichofika popote mbele ya kesi ya mtu aliyepoteza mguu. Bima ya magari ya biashara ina madai mengi na makubwa, na kampuni inayoiuza kwa ada ndogo isiyolingana na madai inakopa kutoka kwa majeruhi wa kesho. Anayeikimbilia kwa sababu ya bei anashiriki mkopo huo bila kujua. Hapa Uganda, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hutangaza kila mwaka kampuni zenye leseni, na ripoti zake huonyesha ada zilizokusanywa na madai yaliyolipwa. Nusu saa ya kuzisoma ina thamani kuliko wiki nzima ya kupatana bei na wakala.

Kuna anayepinga kwa kusema: basi heri kukaa, kampuni ya zamani inanijua na siku ya shida itanihurumia. Hoja hii ina heshima, kwa sababu inatoka katika malezi yetu ya kutomtupa mtu uliyezoeana naye. Lakini mkataba wa bima ni wa mwaka, na huruma si kifungu chake. Ushahidi mzito juu ya jambo hili unatoka Uingereza, kwenye soko kongwe kuliko mengi. Mwaka 2018 shirika la Citizens Advice liliwashtakia wadhibiti kwamba wateja waaminifu walikuwa wakitozwa zaidi. Mamlaka ya huko ya kusimamia mwenendo wa fedha ilipochunguza, ilikuta watu milioni 6 wenye bima za nyumba na magari waliolipa ada kubwa, na ikahesabu kwamba wangeokoa pauni bilioni 1.2 katika mwaka huo kama wangelipa ada ya wastani kwa hatari yao. Kampuni zilikuwa zikipandisha ada kidogo kidogo kwa asiyeuliza. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 zilikatazwa kumtoza anayeendelea zaidi ya ambavyo zingemtoza mgeni. Funzo la huko kwa mtu wa Arua halihitaji sheria mpya. Kila mwaka, kabla ya kulipa, iulize kampuni yako ingemtoza kiasi gani mtu mpya mwenye gari kama lako, kisha iulize na kampuni nyingine mbili. Uaminifu usioulizwa maswali humfaidi anayeuuza.

Mwingine atasema kampuni zote ni zilezile: makao yao makuu yako Kampala, na ajali ikitokea utazungushwa tu. Hili ni lalamiko ambalo halipaswi kudharauliwa, lakini ndani yake mna kipimo cha kuchagulia. Kama kuzungushwa ndiyo shida, basi kuzungushwa ndiko kupimwe. Nani atakuja kukadiria hasara, na atatoka wapi? Gari litatengenezwa katika gereji ya Arua au litavutwa hadi Kampala, na gharama ya kulivuta ni ya nani? Karatasi za madai zinapokelewa hapa au zinasafiri? Polisi wakichelewesha ripoti, kampuni inasubiri bila kikomo au ina mtu wa kufuatilia? Kampuni zinazofanana kwa bei zinaweza kutofautiana sana katika majibu haya, na wateja waliolipwa mwaka jana wanayajua majibu hayo vizuri kuliko wakala yeyote. Kampuni inapokataa kulipa bila sababu, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko, na Sheria ya Bima ya mwaka 2017 iliunda Baraza la Rufaa za Bima. Mteja ana mahali pa kugonga hodi, mradi ametunza hati na barua zake.

Kuna pingamizi lililo zito kuliko yote, nalo halisemi habari ya kampuni moja au nyingine. Linasema kwamba bima yenyewe si desturi yetu: ukoo upo, kikundi cha kuweka akiba kipo, na miongoni mwa Waislamu wengi wa mkoa huu, kuanzia Yumbe hadi Koboko, wapo wanaoona katika bima harufu ya kamari na riba. Ukoo ni kinga ya kweli. Huzika, hulea yatima, humlisha aliyeunguliwa kwa wiki kadhaa. Lakini kazi ya bima ni kugawa hasara kwa watu wengi wasiopatwa pamoja, na watu wa ukoo mmoja wanaoishi bonde moja hupatwa pamoja. Moto wa kiangazi hauchagui nyumba moja katika boma. Kwa upande wa dini, pingamizi limepata jibu ndani ya dini yenyewe. Katika takaful washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, msimamizi hulipwa ujira unaojulikana, na ziada inaweza kurudi kwa washiriki. Kenya ilipata kampuni kamili ya namna hiyo, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011. Mwislamu wa Koboko anayeitaka huduma hiyo ana haki ya kuidai kutoka kwa kampuni zinazotafuta fedha yake, na ikipatikana, kuihamia itakuwa sababu safi ya kuhama.

Ada za bima Uganda bado hazijafika asilimia 1 ya pato la taifa, na katika sehemu hiyo ndogo mkoa kama wetu ni kipande cha kipande. Mtu mmoja mwenye gari moja aina ya Premio akitishia kuhama, mtu wa makao makuu hatashtuka. Hiyo ndiyo sababu naamini kwamba kuhama kwa busara kunapaswa kuwa jambo la pamoja. Wenye malori wa njia ya Oraba wanajuana. Wenye bodaboda wana vituo na viongozi. Wachuuzi wa soko wana uongozi wao. Kila kundi kati ya haya linaweza kukaa miezi miwili kabla ya stika kwisha, kuandika mahitaji yake kwenye karatasi moja, na kuipeleka kwa kampuni tatu: kinga ifike Aru, anayekadiria hasara awe Arua, gereji ziwe za hapa na zitajwe kwa majina, siku za kulipa dai lisilo na ubishi ziandikwe, jiko la nyasi likubaliwe kwa ada inayojulikana, lisiwe sababu ya kukataa baadaye. Bei ije mwisho wa orodha, na itapunguzwa vizuri zaidi na wenye malori 40 kuliko na mwenye lori 1. Kampuni ya sasa ikikubali masharti, kundi libaki, na kubaki huko kutakuwa kumeleta faida. Ikikataa, kundi lihame pamoja, siku moja, hati mpya zikiwa zimeanza.

Kampuni za bima hufungua ofisi ya kuuza mahali penye wateja, lakini ofisi ya kulipa hufunguliwa pale tu ambapo wateja wanaweza kuondoka. Arua ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na Koboko ni manispaa yenye mipaka miwili ya kimataifa mlangoni mwake. Magari yanayopita hapa yanabeba mafuta, saruji, chakula cha wakimbizi na riziki za nchi tatu. Ni haki kwamba fedha ya fidia nayo ijue njia ya kufika huku. Mwenye gari anapoitazama tarehe kwenye kioo chake, asiitazame kwa ajili ya askari peke yake. Hiyo ndiyo siku moja katika mwaka ambayo kampuni inamhitaji yeye kuliko yeye anavyoihitaji. Aitumie kuuliza, wakati mbachao wake bado uko chini ya miguu.